Moto, upepo na kiangazi kirefu: kuutunza msitu wako pembezoni mwa Dar es Salaam

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaonunua shamba Kisarawe, Mkuranga, Kibaha au kule Mvuti huanza na swali moja: nipande mti gani unaokua haraka? Swali si baya, ila limewahi mno. Kabla ya kufika kwenye aina ya mti kuna mambo ambayo muuzaji wa shamba hakuambii usipomuuliza. Eneo hili limeungua mara ngapi miaka ya karibuni? Maji ya masika hupita wapi? Upepo wa kusi unalipiga kutokea upande gani? Tena usimuulize muuzaji peke yake. Waulize akina mama wanaookota kuni pale, na mzee anayerina asali. Wao wanajua miti ilianguka lini na moto uliingilia wapi.

Misitu ya ukanda wetu haijawahi kuishi kwa raha. Moto, upepo, ukame, wadudu na maji yaliyotuama vilikuwepo kabla Dar haijawa mji. Wataalamu huviita misukosuko ya msitu, na msitu wenye afya huimudu. Myombo ukiungua juu, mizizi hubaki hai, na mvua ikinyesha kisiki kinachipua. Upepo ukiangusha mti mmoja mkubwa, mwanga unashuka hadi chini na miche iliyokuwa imejibana kivulini inapata zamu yake. Tatizo ni muda. Msitu unahitaji miaka kadhaa ili upone, na kwa hali ya hewa ya sasa tukio la pili linaingia wakati la kwanza bado halijapita mwilini mwa mti. Hapo ndipo msitu unapokufa. Ushauri wote ulioko hapa chini unalenga kuupa msitu wako huo muda.

Kilichotokea kati ya 2020 na 2024

Tuchukue mfano wa karibu. La Niña, hali ya bahari ya Pasifiki ambayo mara nyingi hupunguza mvua zetu, ilianza mwaka 2020 ikadumu hadi mwanzoni mwa 2023. Wakazi wa Dar hawajasahau mgao wa maji wa Oktoba 2022, pale Mto Ruvu ulipopungua. Mwaka mmoja baadaye El Niño, iliyo kinyume cha La Niña, ikaleta vuli ya mvua kubwa, mvua zikaendelea hadi masika ya 2024, na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia.

Sasa itazame miaka hiyo ukiwa umesimama mahali pa mti. Mwaka 2022 vijizizi vyako vyembamba, vile vinavyonyonya maji, vinakufa kwa kiu. Kabla hujaviotesha upya unajikuta ndani ya matope. Udongo ukiwa bado umelegea, unakuja upepo. Na nyasi zilizostawi kwa mvua zote zile zinakauka kiangazi kinachofuata, zikiwa zimefika kifuani mwa mtu. Wakulima wengi huogopa moto mwaka wa ukame. Binafsi naogopa zaidi kiangazi kinachofuata mvua nyingi, kwa sababu mvua ndiyo inayootesha kile kitakachoungua.

El Niño na La Niña ni za zamani, hazikuletwa na moshi wa magari. Kilichoongezeka ni joto la dunia linalokaa juu yake. Kila hewa inapoongezeka joto kwa digrii moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7. Mvua ikinyesha, kuna maji mengi zaidi ya kumwagwa kwa mkupuo. Mvua isiponyesha, hewa hiyohiyo inanyonya maji kutoka kwenye majani na udongo kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana kiangazi chenye idadi ileile ya wiki kinaweza leo kukausha miche ambayo zamani ingevuka salama. Dar hupata mvua ya kama milimita 1,100 kwa mwaka, na jumla hiyo inaweza kutimia vizuri kabisa huku miti ikiteseka, kwa kuwa nusu yake imeshuka ndani ya siku chache na kukimbilia Mto Msimbazi.

Lakini kuilaumu hali ya hewa peke yake ni kujificha. Watafiti waliofuatilia misitu inayoizunguka Dar kati ya 1991 na 2005 walikuta uharibifu ukitoka mjini kwa mawimbi: kwanza mbao za bei kubwa, kisha mbao za bei ndogo, nyuma yake mkaa. Mawimbi mawili ya mbele yalikuwa yakisogea kwa wastani wa kilomita 9 kwa mwaka. Msitu uliochaguliwa miti mikubwa una matundu juu. Kwenye matundu linaingia jua, na nyasi zinalifuata jua. Msitu uliofunga vizuri una hewa yenye unyevu chini na majani mabichi, kwa hiyo moto ukifika ukingoni hudhoofika. Ule uliotobolewa unakauka kama uwanja wa mpira. Joto la dunia linaukuta ukiwa tayari mlango wazi.

Moto kwanza

Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, iweke kwenye moto. Ukame unaweza kukuulia robo ya miche na ukapandia tena. Moto wa dakika arobaini unaweza kukurudisha nyuma miaka minane.

Kalenda tuliyoizoea inasema pwani yetu ina kiangazi cha Juni hadi Septemba na kingine kifupi cha Januari na Februari. Vuli ikikosekana, viwili hivyo vinaungana, na shamba linakaa kavu kuanzia Juni mpaka masika yanapoingia Machi. Kwa hiyo usimwambie kijana wako wa shamba kwamba afyeke tarehe fulani. Mfundishe kupima nyasi. Akamate fungu dogo mkononi alikunje: likipinda bila kukatika, bado ana siku kadhaa, likivunjika kwa mlio, msimu wa moto umeshaanza na yeye amechelewa.

Barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa ili moto ukose cha kuunguza, ndiyo kinga ya kwanza. Mpakani iwe na upana wa mita 10 kama eneo linaruhusu, na ndani ya shamba gawanya vipande kwa njia za mita 5. Wengi hufyeka pande zote nne kwa upana sawa, na hapo nguvu inapotea. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unavuma kutoka kusini na kusini mashariki. Januari na Februari kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Upande wa mashariki unapigwa misimu yote miwili, basi huo upewe upana mkubwa zaidi, ukifuatiwa na wa kusini. Ukiwa na fedha ya kufyeka pande mbili tu, ni hizo.

Kufyeka na kuyaacha majani palepale hakusaidii chochote, maana umehamisha kuni kutoka wima kwenda chali. Vuta kwa reki, palilia hadi udongo uonekane. Kazi hiyo inachosha, na kila mwaka inarudi, ndiyo maana wenye akili huitumia barabara ya moto kama shamba. Mananasi yanafaa sana kwa sababu yanabaki na maji majanini kiangazi chote. Viazi vitamu navyo hufunika ardhi vizuri. Muhogo unakubalika mradi palizi isikosekane. Atakayelima pale apewe mazao yote awe mlinzi. Makubaliano hayo yanadumu kuliko mshahara wa mkataba wa mdomo unaocheleweshwa.

Miti yako ikifika mwaka wa tatu au wa nne, pogolea matawi ya chini hadi urefu wa mita 2. Moto wa nyasi unaopita chini ya miti iliyopogolewa mara nyingi huunguza magome na kuondoka. Moto ukikuta matawi makavu yanagusa ardhi, unapanda kwayo hadi kwenye kilele, na moto wa vileleni hauzimwi na watu wenye matawi mabichi mikononi.

Majani ya motomoto yanastahili onyo la pekee. Mizizi yake iko chini sana, moto haiigusi, na baada ya kuungua huwa ya kwanza kurudi. Kila moto unayaongezea eneo, na eneo likiongezeka moto unaofuata unakuwa mkubwa zaidi. Kivuli ndicho kinachoyashinda. Kwa hiyo penye motomoto panda miti kwa nafasi ya karibu zaidi ili mataji yafunge mapema, na palilia bila huruma miaka miwili ya mwanzo.

Kuna suala la uchomaji wa mapema, yaani kuchoma nyasi kwa makusudi zikiwa nusu mbichi mara baada ya masika, ili moto uwe mdogo na wa kutambaa. Katika mapori ya miombo njia hii ina faida inapofanywa na watu wanaoijua. Katika misitu ya pwani inayokaa kijani mwaka mzima, ya aina ya Pugu na Kazimzumbwi, usiithubutu. Miti mingi ya humo ina magome membamba na haina historia ya kuishi na moto. Na popote pale, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti kuhusu kuchoma mapori, kwa hiyo pata kibali kupitia ofisi ya kijiji au mtaa, na majirani wajulishwe kabla.

Umeme wa radi unasingiziwa mengi. Moto wa mapori yetu, kwa sehemu kubwa sana, unawashwa na mkono wa mtu: anayesafisha shamba akingojea vuli, mrina asali mwenye mwenge, mchoma mkaa aliyeacha tanuri bila kulisimamia, vijana wanaowinda panya. Ukiwajua watu hawa kwa majina umeshafanya nusu ya kazi ya ulinzi. Warina asali wa jirani wanunulie bomba la moshi la kutulizia nyuki. Bei yake haifiki hasara ya ekari moja. Na anayetaka kusafisha shamba lake, mwombe akuite siku anayochoma, nenda na watu wako wawili mkamsaidie. Ukigombana naye, atachoma usiku.

Hapa nina neno kwa wanaolima kwa simu, maana wenye mashamba wengi wa Dar ndio sisi. Mlinzi anayelipwa kwa kuchelewa hawezi kukimbilia moto saa nane mchana. Muwekee fyekeo zaidi ya moja, bomba la kupulizia dawa litakalobeba maji, na pipa lililojaa wakati wote. Namba ya Zimamoto ni 114 na ipigwe, lakini shamba lililo kilomita kadhaa ndani ya njia ya mchanga litaokolewa na waliolizunguka.

Upepo ambao tulidhani ni wa wengine

Kwa muda mrefu tumesema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Wazanzibari wana sababu ya kutokubali: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Baada ya hapo tukapata ukimya mrefu, kisha Jobo mwaka 2021, ambacho kilipoteza nguvu kabla ya kufika pwani yetu, na Hidaya mwaka 2024. Nchi iliyo karibu na ikweta haitakuwa na vimbunga kila mwaka. Ila bahari yenye joto zaidi inavilisha vile vinavyozaliwa, na hata kimbunga kilichofifia huleta mvua inayolegeza udongo huku upepo ukisukuma.

Mti unaoanguka mara nyingi ulishaandaliwa kuanguka na mwenye shamba. Kuna makosa mawili makubwa.

La kwanza linatoka kitaluni. Mche uliokaa sana kwenye kiriba huzungusha mizizi ndani ya nailoni. Ukipandwa hivyo, mizizi inaendelea kujizungusha ardhini, na mti unakua vizuri tu kwa macho hadi mwaka wa tano au wa sita, siku ya upepo unalala na kung'oka mzima. Kagua kabla ya kununua: kiriba kikiwa na mizizi iliyotoka chini na kujikunja, acha. Ukiwa huna jinsi, chana kiriba, kata kwa kisu kikali sentimita moja au mbili za chini, na pasua pembeni mizizi iliyozunguka. Kiriba kitolewe kabisa. Kila msimu naona miche imepandwa na nailoni yake, na mwenye shamba analipa fedha nzuri kwa kazi hiyo.

La pili ni kuchelewa kupunguzia miti. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inabeba miche kama 450. Ikiachwa yote, kila mmoja unakimbilia mwanga na kuwa mrefu mwembamba. Kuna kipimo rahisi. Pima mzingo wa mti kwa tepu ya fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini, gawanya kwa 3.14 upate unene. Kisha chukua fimbo yenye urefu sawa na mkono wako, inyooshe wima mbele yako, rudi nyuma hadi fimbo ionekane kulingana na mti kutoka shina hadi kilele. Umbali wako na mti ndio urefu wake. Gawanya urefu kwa unene, vyote vikiwa katika kipimo kimoja. Mti wa mita 15 wenye unene wa sentimita 15 unatoa 100, na huo upo hatarini. Ukibaki chini ya 80 una uwezo wa kustahimili.

Ukigundua shamba lako lote liko juu ya 100, usikimbilie kukata nusu ya miti kwa siku moja. Iliyobaki ilikuwa inategemeana, na ukiifungua ghafla upepo wa kwanza unaibwaga. Ondoa mmoja kati ya mitano au sita, ngojea mwaka mmoja au miwili inenepe, kisha rudia. Miti ya mpakani iache yote. Imelelewa na upepo tangu midogo, ina mashina manene na matawi ya chini, na hiyo ndiyo kinga ya waliomo ndani.

Kiu, mchwa na wadudu

Mti wenye maji ya kutosha hujitetea. Mdudu akitoboa, utomvu unatoka na kumziba. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kumwaga, na wadudu wanaotoboa mashina wanaitambua miti dhaifu kwa harufu. Ndiyo maana baada ya kiangazi kirefu unaona mashimo madogo na unga wa mbao shinani, halafu mtu anakimbilia duka la dawa. Dawa inamkuta mdudu aliyeitwa na ukame. Miche inayokauka nayo huwavuta mchwa kwa njia hiyohiyo.

Mikaratusi ina habari yake. Mwaka 2005 alionekana nchini nyigu mdogo sana anayetaga kwenye mishipa ya majani machanga, yakatokea vinundu na miche ikadumaa. Usinunue miche yenye vinundu hata kwa bei ya bure. Na mimi sipendi ekari kumi za mkaratusi mtupu pwani, hasa karibu na chanzo cha maji. Mdudu mmoja, au kiangazi kimoja kibaya, kinakuta miti yote ina umri mmoja na udhaifu mmoja. Changanya: mkangazi, mtiki penye udongo wenye kina, mjohoro wa kuni na nguzo, mvinje kwenye mchanga wa karibu na bahari, mwarobaini penye ukavu, na mkorosho ukingoni. Mipingo na mikongo iliyojiotea shambani iache, hata kama hutaivuna wewe.

Wakati wa kupanda ndio umekuwa mgumu. Mvua ya kwanza ya vuli au masika siku hizi inaweza kuwa ya kudanganya: inanyesha siku mbili, watu wanapanda, kisha jua la wiki tatu. Chimba kwa jembe uone unyevu umefika wapi. Ukiwa haujafika sentimita 30, ngoja. Kwa miti ningependelea masika kuliko vuli, kwa sababu mche unapata wiki nyingi za kushika kabla ya kiangazi. Shimo liwe la sentimita 40 kwa 40, lichimbwe mapema, na mche uwekwe sentimita chache chini ya usawa wa ardhi ili maji yakusanyike. Weka matandazo, lakini yasiguse shina, maana mchwa hupitia hapo.

Sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ila usikilize kama mkulima. Wanapotaja mvua za "wastani hadi chini ya wastani", hawajasema mvua hakuna. Wamekupa uzani wa uwezekano. Mwaka wa namna hiyo panda nusu ya miche, nusu ibaki kitaluni chini ya kivuli.

Kwa walio karibu na mikoko

Mbweni, Kunduchi, Mtoni na Kigamboni bado wana mikoko, na kusini kwetu delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote nchini. Msitu huu haupati moto. Adui wake ni maji ya namna mbili: bahari inayopanda kutoka mbele, na tope linaloletwa na mito kutoka nyuma. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mchanga na tope jingi katika kijito cha Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa kwa kufukiwa mizizi yake ya kupumulia. Tope la namna hiyo huanzia kwenye mashamba ya juu yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto. Kwa hiyo mwenye shamba kando ya Mto Mzinga au Msimbazi akiacha nyasi na miti ukingoni, anawafanyia kazi mikoko asiyoiona.

Mikoko ina aina kadhaa, na vikundi vingi vinapenda kupanda ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka kwenye tope. Wanaichomeka popote, hata mbele kabisa baharini. Inakufa. Huko mbele ni makao ya aina nyingine, mlilana. Mkoko unakuja nyuma yake, na mkandaa na mchu hukaa juu zaidi ambako maji hayafiki kila siku. Kabla ya kupanda kaa siku nzima utazame maji kujaa na kupwa. Pakiwa na tuta la zamani la shamba la chumvi linalozuia maji, kulifungua mahali panapofaa, kwa ruhusa ya wenye mamlaka, kunaweza kuotesha mikoko mingi kuliko miche yoyote mtakayobeba. Na ikumbukwe kwamba mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali. Kuikata bila kibali ni kosa hata kama iko nyuma ya nyumba yako.

Tukio likishapita

Siku chache baada ya moto au upepo ndipo watu huharibu zaidi kuliko moto wenyewe. Haraka inatoka kwenye uchungu: shamba limekuwa jeusi, mtu anataka kulisafisha lote, ang'oe visiki, aanze upya. Subiri. Kwangua gome kwa kisu juu kidogo ya ardhi. Ukiona kijani, mti uko hai. Usihukumu kwamba mti umekufa mpaka mvua ya msimu mmoja ipite.

Visiki vya miombo na miti mingi ya asili vitachipua vyenyewe. Kule Dodoma mbinu ya kuvitumia inajulikana kwa jina la kisiki hai, na wakulima wa pwani wanaweza kuiiga bila shilingi ya ziada: chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyobaki yapogolewe, yaliyochaguliwa yafungwe kitambaa cha rangi ili mlinzi na mchungaji wayatambue, kisha yatunzwe. Chipukizi lina mizizi ya mti mzima chini yake, hivyo linaupita mche wa kitaluni kwa mbali na kuvumilia kiangazi cha kwanza ambacho mche wako huenda usingevumilia. Mifugo izuiwe kwa miaka miwili. Mkaa usichomwe hapo, hata kwa miti iliyokwisha kufa, maana tanuri moja karibu na nyasi zinazoanza kuota ndilo tukio la pili lenyewe.

Miti iliyokufa kweli na yenye mashimo ya wadudu iondolewe mapema, kabla mdudu hajahamia kwa jirani. Michache mikavu isiyo na wadudu na isiyo karibu na njia acha isimame, au ilaze ikikingama mteremko ili izuie mchanga usiende na maji. Vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe vina udongo mwepesi unaokimbia mvua ya kwanza tu. Unachotaka kuuza, wasiliana kwanza na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu ya wilaya, kwa kuwa magogo na mkaa vikiingia barabarani bila hati ya kusafirishia vitashikwa kizuizini, hata kama miti ulipanda mwenyewe.

Halafu chukua daftari. Andika tarehe, aina ya miti iliyokufa na iliyopona, na moto uliingilia upande gani. Mwakani barabara ianze kupanuliwa hapo.